Mlango Mmoja, Ufunguo wa Nani?

Mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini, katika wilaya kama hii yetu ya Rungwe, hukabidhiwa funguo za aina mbili. Za kwanza ni za chuma: wa mlango wa mbele, wa chumba cha dawa, wa kabati. Hizo kila mtu huziona. Za pili hazionekani, nazo ni nywila. Ipo ya DHIS2, ambamo takwimu za kila mwezi za zahanati huingizwa. Ipo ya mfumo wa chanjo. Ipo ya FFARS, ambamo hesabu za fedha za kituo hutunzwa, na ipo ya PlanRep kwa ajili ya mipango na bajeti. Ipo pia ya mfumo wa kuagizia dawa. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtumishi wa umma, anayo ya ESS, anakoombea uhamisho na kujaza PEPMIS. Kila mfumo una jina lake la mtumiaji na masharti yake ya herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu, na mingi hukufungia nje ukikosea mara kadhaa.

Binadamu hawezi kuyakariri yote hayo huku mama mwenye uchungu yuko mlangoni. Ataziandika nywila nyuma ya jalada la daftari, au kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kompyuta. Au atatumia nywila moja mahali pote. Au atamwachia kijana anayejitolea aingize takwimu kwa jina lake yeye. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu, kwani ndivyo watu wafanyavyo popote duniani walipobebeshwa funguo nyingi kupita kiasi, iwe benki au chuo kikuu.

Dawa ambayo wataalamu wa mifumo wanaipendekeza ni kuingia kwa mlango mmoja: mtumishi ajitambulishe mara moja, mahali pamoja, kisha tovuti zote anazoruhusiwa kuzitumia zimpokee bila kumwuliza nywila tena. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la mafundi wa Dodoma na Dar es Salaam, lisilohusu kurasa za familia. Sisi wa kamati ya msikiti hapa Kyimo tunaona linahusu familia kuliko ofisi, kwa sababu mlango huo tayari umeshaingia majumbani mwetu, nao umeingia kabla hatujaulizana ufunguo wake uko mfukoni mwa nani.

Tuanze na zahanati, maana huko ndiko mfano ulipo wazi zaidi.

Wazee wetu wanayakumbuka madaftari makubwa ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaliyoenea vituoni katika miaka ya 1990. Yapo hadi leo. Mama mjamzito anayehudhuria kliniki huandikwa humo, mtoto anayepimwa uzito huandikwa humo, na mwisho wa mwezi muuguzi hukaa na kalamu kujumlisha. Zamani jumla hizo zilipelekwa wilayani kwa karatasi, zikaenda mkoani, zikafika wizarani zikiwa zimechelewa, na nyingine hazikufika kabisa. Mwaka 2013 DHIS2 ilisambazwa nchi nzima. Ni programu ya bure iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ikiwa na chimbuko lake Afrika Kusini mara baada ya ubaguzi wa rangi kuondoka, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuikuza hapa kwetu. Leo nchi zaidi ya 80 zinaitumia. Takwimu ikiingizwa wilayani Rungwe, mtu aliyeko Dodoma huiona dakika hiyohiyo.

Kwa hiyo watoto wetu wamo humo, ingawa wengi si kwa majina. Katika taarifa za mwezi mtoto huwa ni moja ndani ya jumla: watoto kadhaa waliopata chanjo ya surua, akina mama kadhaa waliojifungulia kituoni. Katika mfumo wa chanjo wa kielektroniki, hata hivyo, mtoto yumo kwa jina lake, jina la mama yake na tarehe yake ya kuzaliwa. Ukiwa mzazi una haki ya kutaka kujua ni nani anayefungua kabati hilo.

Sasa, mlango mmoja hufanyaje kazi? Mfano wa karibu ni barua ya utambulisho. Kijana wa Kyimo akienda Tukuyu mjini kufungua akaunti ya benki, karani hamjui. Hajui baba yake ni nani wala nyumba yao iko upande gani wa barabara ya Kyela. Lakini kijana amebeba barua ya mtendaji wa kijiji, yenye picha na mhuri. Karani haiamini sura ya kijana. Anauamini mhuri, kwa kuwa anajua mtendaji ndiye anayewafahamu watu wa kijiji chake.

Ndivyo ilivyo hapa. Mtumishi anapofungua tovuti ya takwimu, tovuti haimwombi nywila. Inamwelekeza kwa mtambulishaji, yaani seva moja iliyopewa kazi ya kuwajua watumishi wote. Huko ndiko anakoandika nywila yake, na pengine msimbo uliotumwa kwenye simu yake. Mtambulishaji akiridhika humrudisha kwenye tovuti akiwa na hati ya muda iliyotiwa saini ya kidijitali: huyu ni fulani, nimemthibitisha saa fulani, hati hii ameandikiwa kwa ajili ya tovuti hii tu, na itakwisha nguvu saa fulani. Tovuti inaikagua saini, na ikiona ni ya yule inayemwamini, inafungua. Nywila yenyewe haikuiona hata mara moja. Akitoka hapo akaenda kwenye mfumo wa dawa, mtambulishaji bado anamkumbuka, basi anapita bila kuulizwa upya.

Wale waliopita vyuo vya dini watatambua mara moja kuna nini hapa. Habari haipokelewi kwa sababu imesemwa vizuri; inapokelewa kwa sababu ya aliyeisimulia na aliyemsimulia yeye, na msimulizi mmoja asiyeaminika huivunja silsila yote. Mafundi wa kompyuta wamelifikia wazo hilo kwa njia yao. Katika mradi ulioitwa Athena, ulioanza mwaka 1983 katika chuo cha MIT cha Marekani, walibuni mfumo wa tiketi wakauita Kerberos, jina la mbwa mlinda lango katika ngano za Wagiriki. Mwaka 2014 ukatangazwa utaratibu unaoitwa OpenID Connect, ambao ndio unaoendesha vitufe vingi vya siku hizi vya kuingia kwa akaunti ya Google na nyinginezo. DHIS2 nayo inaupokea utaratibu huo. Kuutumia au kutoutumia ni uamuzi wa taasisi inayoiendesha.

Faida yake kubwa, kwa maoni yetu, haipo katika kumpunguzia mtumishi kazi ya kukariri. Ipo siku anapoondoka. Muuguzi akihamishwa kutoka Rungwe kwenda Chunya, au akistaafu, au akifukuzwa kazi, katika hali ya funguo nyingi inabidi mtu akumbuke kuufunga mlango mmoja mmoja. Watano watafungwa, wa sita utasahauliwa, na mwaka mzima baadaye jina lake bado linaingia kwenye takwimu za wagonjwa ambao hawahudumii tena. Kukiwa na mtambulishaji mmoja, akifungiwa huko amefungiwa kote. Jambo la pili ni kumbukumbu: kila aliyeingia anajulikana kwa jina lake, si kwa jina la kituo.

Lakini barua ya mtendaji inasema wewe ni nani tu. Haisemi benki ikukopeshe kiasi gani. Vivyo hivyo mtambulishaji humthibitisha mtu, halafu tovuti yenyewe ndiyo inayoamua huyo mtu aone nini: muuguzi aone kituo chake, mganga mkuu wa wilaya aone wilaya yake. Kuongeza mlango mmoja hakuondoi wajibu wa kuyapanga hayo. Mfumo uliompa kila mtu ruhusa ya kuona kila kitu utabaki kuwa hivyo, ila sasa watu wataingia humo kwa urahisi zaidi.

Na ugumu wenyewe upo kwenye daftari la majina. Tovuti ya takwimu huwa na akaunti zake za miaka mingi. Mlango mpya unapofunguliwa, ni lazima kila akaunti ya zamani ifungamanishwe na mtu mmoja anayejulikana na mtambulishaji. Katika DHIS2 kiungo kinachotumika kwa kawaida ni anwani ya barua pepe: hati inakuja na anwani, tovuti inatafuta akaunti iliyoandikwa anwani hiyo, inamwingiza. Basi fikirini kituo ambacho wauguzi wawili wanatumia barua pepe moja ya kituo. Mbele ya mlango mpya wao ni mtu mmoja. Au kituo ambacho akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya mtumishi aliyekwisha ondoka. Mlango mpya utamkaribisha yeye, aliye mbali, na kumwacha nje aliyepo. Ndiyo maana wenye kuifanya kazi hii vizuri huanza kwa kulisafisha daftari kabla ya kugusa kompyuta: huyu yupo, huyu hayupo, huyu anwani yake ni ya nani?

Swali hilo la mwisho ndilo tunaloliomba kila kaya ya Kyimo ijiulize leo jioni. Anwani yake ni ya nani?

Vijana wetu wanaomaliza kidato cha sita huomba mkopo wa elimu ya juu mtandaoni, kupitia mfumo wa OLAMS wa Bodi ya Mikopo. Vyeti vya kuzaliwa huhakikiwa RITA, nako ni mtandaoni. Wanaotafuta kazi serikalini hujisajili katika Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na hata wito wa usaili huupata huko. Vyuo vina tovuti zao za udahili. Kila mahali pataombwa barua pepe na namba ya simu. Kijana wa kijijini, ambaye pengine simu yake ni ya vitufe, hupanda gari hadi mjini akaingia duka la steshenari, ambako kuna kompyuta, printa na kijana mwenzake anayejua kuandika haraka. Anafanyiwa kila kitu kwa shilingi elfu kadhaa. Anafunguliwa barua pepe pale pale. Nywila huchaguliwa na mwenye duka, mara nyingi ileile anayowawekea wote ili asisahau. Na panapotakiwa namba ya simu ya kurejeshea akaunti, huandikwa namba ya duka, kwa kuwa msimbo unahitajika sasa hivi na simu ya mteja haina chaji au imebaki nyumbani kwa mama.

Hatuwashambulii wenye steshenari. Bila wao vijana wengi wa Rungwe wasingefika chuoni, na wengi wao ni watu waaminifu wanaovumilia foleni na umeme unaokatika mvua ikinyesha, na hapa kwetu mvua hainyeshi kwa uchache. Lakini tazameni kilichotokea. Kijana ametoka dukani na karatasi iliyochapwa, naye anaamini kuwa ana barua pepe. Ukweli ni kwamba barua pepe hiyo ni ya duka, yeye ni jina tu lililoandikwa juu yake.

Binti mmoja wa jirani zetu, ambaye jina lake tunalihifadhi, alilijua hilo alipotaka kuingia katika akaunti yake ya maombi mwaka mmoja baada ya kuifungua. Nywila aliyonayo ilikataa. Akabonyeza pale panapoandikwa kuwa amesahau nywila. Ukurasa ukamwambia kuwa msimbo umetumwa kwenye namba inayoishia na tarakimu mbili ambazo hakuzitambua. Baba yake alizitambua, kwa kuwa alikuwa amelipia huduma kwenye namba hiyo. Walifunga safari hadi dukani. Duka lilikuwa limehama. Namba ilikuwa haipatikani. Binti hakuibiwa kitu. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Alilazimika tu kuanza upya na akaunti mpya, katika wiki ambayo wenzake walikuwa wameshamaliza, na mama yake akawa anauliza kila jioni ni ofisi gani mtu anaweza kwenda kulalamika. Tulimwambia ukweli, kwamba kwa barua pepe hakuna ofisi ya kijiji wala ya kata.

Hayo yalikuwa ya mlango mmoja tu, wa tovuti moja. Sasa tazameni kinachobadilika pale tovuti zinapoweka kile kitufe cha kuingia kwa Google. Barua pepe ile iliyofunguliwa steshenari inageuka kuwa mtambulishaji wa kijana. Yeyote aliye na nywila yake anatambulishwa kuwa yeye, katika kila tovuti inayoukubali mhuri huo, na tovuti haitakuwa na njia ya kujua tofauti. Mlango mmoja haukuumba udhaifu huo, ila umeukusanya mahali pamoja. Funguo kumi zikiwa mbovu, ukipoteza mmoja umepoteza chumba kimoja. Ufunguo mmoja ukiwa mbovu, umepoteza nyumba.

Wala jambo hili halijawafika wa vijijini peke yao. Tarehe 28 Septemba 2018 kampuni ya Facebook ilitangaza kuwa wezi walikuwa wamechukua hati za kuingilia, si nywila, za akaunti zilizokadiriwa karibu milioni 50. Baadaye hesabu ikateremshwa hadi milioni 30 hivi. Hati hizo ndizo tulizozifananisha na barua ya mtendaji. Kwa kuwa tovuti nyingine nyingi zilikuwa zikiwapokea watu kwa mhuri wa Facebook, dunia nzima ilijiuliza kama wezi wamepita kwa majirani pia. Kampuni ilisema haikuona ushahidi kuwa walifanya hivyo, lakini swali lenyewe linaonyesha uzito wa mhuri. Na tarehe 4 Oktoba 2021, siku ambayo WhatsApp ilinyamaza kwa takriban saa 6 na wengi wetu tukadhani ni bando limekwisha, waliokuwa wakiingia katika tovuti nyingine kwa akaunti ya Facebook walijikuta nje, ilhali tovuti hizo zilikuwa nzima kabisa.

Jirani zetu wa Kenya wamelipitia kwa ukubwa wa nchi. Tovuti yao ya eCitizen ilianza mwaka 2014, mwananchi akiwa na akaunti moja ya huduma kadhaa za serikali. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua upanuzi wake hadi huduma zaidi ya 5,000. Haikutimia hata miezi miwili. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo kundi lililojiita Anonymous Sudan liliimiminia tovuti hiyo maombi ya uongo kwa wingi hata ikashindwa kuwahudumia wa kweli. Pasipoti, leseni za udereva, viza, vyote vikakwama, na wageni wakaruhusiwa kupewa viza wakifika. Waziri Eliud Owalo alikiri shambulio na kusema hakuna taarifa zilizopotea. Hapakuibiwa kitu, mlango uliziba tu. Lakini kwa kuwa ulikuwa mmoja, wote walisimama nje kwa pamoja. Oktoba 2024 mahakama ya Marekani ilifungua mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani kuhusu kundi hilo.

Je, basi tuukatae mlango mmoja? La. Wakenya hawakuufunga, na hatuoni kwa nini Tanzania iache. Mwalimu wa hapa Kyimo ambaye leo anaomba uhamisho na kujaza tathmini ya utendaji ndani ya ESS moja, bila kufunga safari ya kupeleka bahasha, anajua thamani yake. Tunachosema ni kuwa mpangilio una utaratibu wake: kwanza ufunguo urudi kwa mwenyewe, ndipo milango iunganishwe. Anayeunganisha kwanza huku funguo ziko kwa watu wengine anahalalisha kosa lililokuwepo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Humo taarifa za afya, za watoto na za imani ya dini zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, zenye masharti makali zaidi. Hilo la mwisho litufanye sisi wa kamati za misikiti tuangalie orodha zetu pia: orodha ya watoto wa madrasa yenye jina la mtoto, namba ya simu ya mzazi na kijiji wanachokaa ni taarifa nyeti kwa maana zaidi ya moja, nayo haifai kukaa kwenye simu ambayo kila mjumbe anajua namna ya kuifungua. Kuingia katika akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa pia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini sheria huja baada ya madhara, na mzazi mwenye busara hufunga zizi jua likiwa bado juu.

Tumesema ufunguo urudi kwa mwenyewe. Mwenyewe ni nani ndani ya nyumba? Hili limezua mjadala mrefu kila tulipolizungumza, hasa baina ya kina baba. Wapo wanaoona ni salama zaidi akaunti za watoto wote na za mama zifunguliwe kwa namba ya baba, kwa kuwa yeye ndiye mwenye simu janja na ndiye msimamizi wa kaya. Kwa mtoto mdogo hatuna pingamizi. Huo ndio ulezi. Kwa kijana aliyetimiza miaka 18 na kwa mke, tunaona tofauti. Akaunti ya mkopo ni ya yule atakayeulipa. Hati ya kliniki ni ya mama aliyebeba mimba. Baba akifariki, namba yake itanyamaza, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine asiyewajua kabisa; mtu huyo ndiye atakayekuwa anapokea misimbo ya familia. Kusimamia kaya hakumlazimu mtu kushika kila ufunguo mwenyewe. Bibi anayesomewa ujumbe wa fedha na mjukuu wake naye anastahili laini iliyosajiliwa kwa jina lake, hata kama simu inachajiwa kwa jirani.

Kuna mambo machache ambayo kaya inaweza kuyafanya bila fundi. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa; usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika uifutishe. Ingia katika barua pepe ya kijana, fungua sehemu ya usalama, tazama namba ya kurejeshea na vifaa vilivyoingia. Kompyuta usiyoijua iondoe, nywila ibadilishe, namba weka yako, halafu washa uthibitisho wa hatua mbili. Sehemu hiyohiyo itakuonyesha tovuti zilizounganishwa na akaunti hiyo, na wengi hushangaa urefu wa orodha. Kitambulisho cha NIDA nacho msikitupe picha yake ovyo kwenye magrupu ya WhatsApp: namba yake ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa, jambo ambalo tovuti nyingi huliuliza ili kuhakikisha kuwa ni wewe.

Ukienda steshenari, nenda na simu yenye chaji na laini yako mwenyewe. Mwenye duka aandike kila kitu kingine. Nywila iandike wewe, yeye akiwa ametazama pembeni. Ukimaliza, mwombe akuonyeshe kuwa ametoka katika akaunti yako. Aliye mwaminifu hataona vibaya. Wawili tuliozungumza nao walisema wangefurahi, maana wamechoka kupigiwa simu usiku na watu waliosahau nywila zao.

Vijana watatu wa msikiti, wawili wa kiume na mmoja wa kike, wamejitolea kusaidia kaya za Kyimo katika jambo hili. Watakaa barazani kila Jumamosi baina ya Adhuhuri na Alasiri, kina mama wakihudumiwa upande wa madrasa na binti yetu. Ni bure, na jirani asiye Mwislamu anakaribishwa vilevile. Njooni na simu, chaja na kitambulisho cha taifa. Karatasi zenye nywila ziacheni nyumbani. Hakuna atakayewauliza nywila, na akitokea wa kuiuliza, mtuambie jina lake.